Mtoto Tunamwachia Nani?

Hotuba kwa wafanyakazi wa migodi na wananchi wa Butembo na Beni



Tumesema mara nyingi juu ya mishahara, juu ya barabara na juu ya kodi. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu hudhani ni la jikoni tu, wala si la mkutano. Jambo lenyewe ni hili: asubuhi baba anapokwenda shimoni na mama anapokwenda sokoni, mtoto anabaki na nani?

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Sisi twasema hapana. Mtu aliye chini ya ardhi huko Manguredjipa akitafuta dhahabu hawezi kumsikia mtoto wake akilia Butembo. Mama aliyepanda gari kwenda Kasindi kuleta bidhaa hawezi kurudi mara moja akiambiwa kwamba mtoto ameungua. Kazi yao wote wawili imesimama juu ya mtu mmoja aliyebaki nyumbani. Na mara nyingi mtu huyo ndiye tuliyemchagua kwa haraka kuliko vitu vyote vya nyumba ile. Tukinunua mbuzi twamtazama meno. Tukinunua pikipiki twamwita fundi asikilize injini. Lakini mlezi wa mtoto twampokea jioni, na kesho yake asubuhi tumekwisha kumwachia mtoto na funguo.

Kwanza tutazame jina lake. Huko Tanzania na Kenya mlezi wa kuajiriwa huitwa yaya. Kwetu Kongo yaya ni ndugu yako mkubwa, wa kike au wa kiume, na ni jina la heshima. Basi huyu wa kuajiriwa twamwitaje? Wengi wetu twamwita boi. Neno hili twalijua lilikotoka. Wakati wa Wabelgiji, mtu mzima mwenye mke na watoto, akipika na kufua katika nyumba ya mzungu, aliitwa boi, neno la Kiingereza ambalo maana yake ni mvulana. Liliwauma baba zetu. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, wazungu wale wakaenda zao, lakini neno lao lilibaki, na sasa twaliweka juu ya binti za watu.

Msidhani kwamba jina ni jambo dogo. Mtu unayemwita boi utamwuliza kama amefagia na kama ameosha masufuria. Mtu unayemwita mlezi utamwuliza kama mtoto amekula, kama amelala vizuri, kama leo amecheka. Naye atajua ni kazi gani uliyompa. Kwa hiyo tangu sasa katika maneno yetu tutasema mlezi.

Zamani, katika vijiji vyetu vya milimani, swali hili halikuwapo. Mama akienda shambani, mtoto alibaki na bibi yake, au na shangazi, au na dada aliyekwisha kukua. Bibi hakuhitaji barua ya ushuhuda. Alikuwa amemlea baba wa mtoto, na kijiji kizima kilimwona akimlea. Kumpima mlezi kulikuwa kumekwisha kufanywa na miaka, bila mtu kujua kwamba anapima.

Leo mambo yamegeuka. Wengi wetu tumehamia mjini, na bibi amebaki mlimani. Kisha vita imetutawanya. Tangu Oktoba 2014 watu wa pande za Beni wamechinjwa, Mbau, Oicha, Eringeti na mahali pengi pengine, na waliopona wameacha mashamba yao wakakimbilia mijini. Mwaka 2024, vita ilipofika Kanyabayonga, watu wa kusini ya Lubero nao walipanda kaskazini wakitafuta pa kulala, wengine hata Butembo. Katika nyumba nyingi bibi amekufa, shangazi hajulikani aliko, na dada mkubwa ndiye anayetafuta kazi ya kulea watoto wa wengine. Basi wengi wetu hatuna njia ila kumpa mgeni mtoto. Mgeni si mtu mbaya kwa sababu ni mgeni. Lakini humjui, na kumjua mtu ni kazi. Kazi hiyo ndiyo tunayotaka kuisema leo, kwa sababu ni kazi inayoweza kufanywa, na mji huu umekwisha kuifanya wakati mgumu kuliko wote.

Mnakumbuka mwaka 2018. Tarehe 1 Agosti serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni. Ilikwenda Beni, ikaja Butembo na Katwa, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wameugua, na 2,287 wakafa. Karibu watatu katika kila wagonjwa kumi walikuwa watoto. Tena palikuwa na watoto wengine ambao wenyewe hawakuugua, lakini mama zao walikuwa wamelazwa katika vituo vya matibabu, na hapakuwa na mtu wa kuwashika. Nani angemchukua mtoto mchanga aliyenyonya ziwa la mgonjwa wa Ebola? Jirani aliogopa. Shangazi aliogopa. Tusiwalaumu, maana ugonjwa ule uliua watu waliogusana kwa upendo.

Basi karibu na kituo cha Beni, UNICEF na wenzao walifungua nyumba ya kulelea watoto hao, na baadaye kazi hiyo ikafanywa Butembo pia. Walezi walikuwa nani? Walikuwa watu waliougua Ebola wakapona, wengi wao wanawake. Damu ya mtu aliyepona inao ulinzi, na kwa hiyo waliweza kumbeba mtoto, kumlisha na kumbembeleza bila kuogopa kama sisi wengine. Mtoto aliyegusana na mgonjwa aliangaliwa siku 21, kwa maana huo ndio muda mrefu ambao ugonjwa huweza kujificha mwilini. Siku hizo zote alikuwa na mtu wa kumshika.

Sasa sikilizeni jambo la kustaajabisha. Watu wale wale waliopona, wakirudi katika mitaa yetu, wengi walitengwa. Majirani hawakutaka kuwasalimu kwa mkono wala kununua vitu vyao. Uvumi ulisema, msiwakaribie. Ukweli ulisema, hao ndio wanaoweza kuwashika watoto ambao ninyi mnaogopa kuwashika. Katika siku hizo za uvumi na chuki, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, tarehe 24 na 27 Februari 2019. Na watoto walihitaji kulelewa siku hizo kama siku nyingine.

Twajifunza nini? Twajifunza mambo manne. Walezi wale walichaguliwa kwa sababu inayoweza kuhakikishwa, si kwa sura wala kwa maneno ya barabarani. Walifundishwa kazi. Walifanya kazi mbele ya macho ya wengine, wauguzi na watu wa kutuliza mioyo, wala hawakufungiwa peke yao na watoto. Na waliheshimiwa kwa kazi yao. Sababu, mafunzo, macho na heshima. Haya manne yanatosha kwa nyumba ya mfanyakazi kama yalivyotosha karibu na kituo cha Ebola. Sasa tuyalete nyumbani.

Kwanza, tafuta kabla haja haijakubana. Mama anayejua kwamba atarudi sokoni baada ya miezi mitatu aanze kuuliza tangu mwezi wa pili. Mwenye haja ya leo huchukua wa leo. Uliza kwa jamaa, kwa wanawake mnaokaa nao meza moja sokoni, katika jumuiya ya kanisa au msikitini. Nyumba nzuri ya kuuliza ni ile ambayo mtoto wao amekua na kuanza shule, na mlezi wao sasa hana kazi. Jihadhari na mtu anayeleta wasichana kutoka vijijini na kulipwa kwa kila kichwa. Mtu huyo hakujui wewe, hamjui msichana, na kesho hutamwona.

Pili, uliza umri. Hapa lazima tuseme kwa ukali kidogo, maana dhambi hii ni yetu sote. Katika mitaa yetu, mara nyingi mlezi wa mtoto ni mtoto. Twamchukua msichana wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, aliyekimbia vita, twasema twamsaidia. Chakula twampa, ndiyo. Lakini shule hatumpeleki, mshahara hatumpi, na twamwachia mtoto wa miezi minane tangu alfajiri mpaka usiku. Msichana huyo hana nguvu ya kuinua sufuria la maji ya moto. Mtoto akishikwa na degedege yeye mwenyewe ataanza kulia. Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kazi ya kuajiriwa haianzi kabla ya miaka 16. Na tangu Septemba 2019 serikali imetangaza kwamba shule za msingi za serikali hazina malipo. Basi msichana wa miaka kumi na mbili mahali pake ni darasani. Ukitaka kumsaidia, msaidie kama mtoto wako, kisha utafute mlezi aliye mtu mzima. Watoto wawili wakilindana, hapo hakuna mlinzi.

Tatu, uliza watu watatu. Kuuliza si ujinga. Mmoja awe mtu wa kwao anayejua wazazi wake. Wa pili awe mtu aliyemwajiri kabla yako. Wa tatu awe kiongozi wa mahali anapokaa, kama shefu wa avenyu au wa nyumba kumi, au mwalimu wa dini yake. Tazama pia karte yake ya elekta, ambayo kwetu imetumika miaka mingi kama kitambulisho, uandike jina na namba. Lakini karte haileti mtoto usingizi. Itakuambia jina la mtu tu, tabia yake haitakuambia. Kwa hiyo kwa yule aliyemwajiri kabla yako usiulize tu kama ni mtu mzuri, maana kila mtu atasema ni mzuri ili asigombane na mtu. Uliza hivi: alilea watoto wangapi, wa umri gani? Alikaa muda gani? Aliondoka kwa sababu gani? Kisha umalizie kwa swali moja: ukipata mtoto mwingine kesho, utamwita tena? Tazama kama anajibu upesi au anatazama chini.

Wengine wametoka mbali, na mwajiri wao wa kwanza alikufa au alikimbia. Hao usiwafukuze. Kama hakuna watu watatu, basi siku za majaribio ziwe nyingi zaidi. Kukosa mashahidi kwa sababu ya vita si kosa la mtu.

Nne, mpe maswali ya kazi yenyewe. Usimwulize kama anapenda watoto. Nani atasema hapana? Mwulize: mtoto ana homa saa sita ya mchana, nami simu yangu haipatikani, utafanya nini? Jibu zuri ni kumpeleka kituo cha afya, na kujua kilipo. Jibu baya ni kumpa nusu ya kidonge kilichobaki kabatini. Mwulize: mtoto anaharisha, utafanya nini? Akikosa jibu, mfundishe: aendelee kumnyonyesha au kumlisha, amnyweshe kidogo kidogo maji safi yaliyochanganywa, lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, na ampeleke akaonwe na muuguzi. Mwulize: mtu asema ni mjomba wa mtoto, ataka kumchukua matembezi, utafanya nini? Mlezi mwema hampi mtu yeyote mtoto bila neno la mzazi, hata kama mtu huyo amevaa suti.

Hatutafuti mtu anayejua kila kitu. Twatafuta mtu anayesema, hili silijui, nifundishe. Anayejifanya kujua yote ndiye wa kuogopwa.

Tano, kaa naye siku tatu kabla ya kumwacha peke yake, na kama huna mashahidi kaa naye juma zima. Katika siku hizo usimtume kazi nyingi za nyumba, mwache na mtoto, nawe utazame. Je, ananawa mikono akitoka msalani kabla ya kushika uji? Je, anasema na mtoto, au anasema na simu yake tu? Je, mtoto akilia anamtafuta kwanza njaa, au baridi, au nguo iliyolowa, au anampigia kelele? Tazama moto. Butembo ni mji wa baridi, na watu hupenda kuingiza mbabula ya makaa chumbani na kufunga mlango. Hewa ya makaa yale haina harufu ya kukuamsha, nayo yaua watu usingizini. Mlezi asiingize mbabula chumbani kamwe. Mtoto avikwe sweta na kofia. Tazama pia maji. Mtoto anayeanza kutambaa huweza kufa katika beseni la maji ya kufulia, tena kimya, bila kupiga ukelele. Na mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda ni sumu inayomwita mtoto kwa jina.

Sita, ukikwisha kumwamini, endelea kutazama. Siku moja moja urudi nyumbani kabla ya saa yako, si kwa kunyatia kama askari, bali kama mtu aliyesahau kitu. Mwombe jirani mzee apite kupiga hodi. Mlezi mwema hachukii jambo hilo, maana macho ya watu yamlinda yeye pia siku ya masingizio. Kisha mtazame mtoto mwenyewe. Mtoto asiyejua kusema husema kwa mwili wake. Akianza kulia kila amwonapo mlezi, akiwa na alama ambazo hazielezeki, akilala mchana kutwa kama aliyenyweshwa dawa au kasiksi, akikonda ilhali chakula chatoka, uliza. Uliza bila kupiga. Na ukiona dalili kwamba mtoto ameingiliwa na mtu, mpeleke hospitali siku ile ile, kwa maana dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita. Jambo hilo si la kumaliza kwa mbuzi kati ya familia mbili. Ni la hospitali na la sheria.

Ndugu, tumesema namna ya kupima. Sasa tuseme namna isiyopima chochote.

Kabila halipimi mlezi. Katika siku hizi za vita watu wengi husikiliza kwanza jinsi mtu anavyotamka maneno, kisha humhukumu. Yule wa upande ule ni mpelelezi; yule wa upande huu ni wetu. Lakini ulizeni wenyewe: watoto walioumizwa na walezi katika mji huu, wote waliumizwa na watu wa kabila jingine? Mtu wa kabila lako ambaye hukumwuliza neno ni mgeni kuliko mgeni uliyemwuliza watu watatu. Wala uvumi wa uchawi haupimi kitu. Mtoto akiugua, wengine husema yule msichana ana kitu. Sheria ile ile ya 2009 yamwadhibu mtu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Mtoto mgonjwa mpeleke kwa muuguzi, wala usitafute wa kumpiga. Tuliona mwaka 2019 uvumi unavyoweza kuwafanyia watu waliokuja kutibu.

Jambo jingine watu hawapendi kulisikia, lakini tutalisema. Nyumba nayo lazima ipimwe. Sisi twauliza kama mlezi ni salama kwa mtoto wetu. Mama yake mlezi naye, kama bado yu hai, anauliza kama nyumba yetu ni salama kwa binti yake. Je, analala wapi? Jikoni, bila kitasa? Je, wana wetu wakubwa wanamheshimu? Je, baba wa nyumba anamheshimu? Wasichana wangapi wamerudi kwao na mimba, na wenye nyumba wakasema alikuwa na tabia mbaya? Ninyi wanaume mnaocheka huko nyuma, ndiyo, tunasema nanyi. Mtu anayeogopa usiku hawezi kulea vizuri mchana. Ukimvunja mlezi, umemvunja aliyemshika mtoto wako.

Na mshahara. Mpatane mbele ya shahidi, muandike katika karatasi: kiasi gani, siku gani ya kulipwa, siku gani ya kupumzika, kazi gani ni zake na zipi si zake. Mchimba dhahabu anajua uchungu wa kufanya kazi mwezi mzima na kuambiwa kwamba mwenye shimo hajauza. Hajasahau jinsi alivyolala siku ile. Basi asimfanyie mlezi yale aliyofanyiwa yeye shimoni. Mlezi asiyelipwa ataondoka siku atakayopata pengine, na mtoto ataanza tena kuzoea uso mpya. Kila uso mpya humtoa mtoto kitu. Rahisi mara nyingi ni ghali.

Sasa tuseme juu ya hatari iliyo yetu hapa, ambayo watu wa miji ya amani hawaijui. Siku ya milio ya risasi, mlezi atafanya nini? Wengi wetu hatujawahi kumwambia. Tumemwonyesha chumvi ilipo, hatukumwonyesha njia ya kukimbilia. Siku ya kukimbia watu hupotezana, na mtoto wa miaka mitatu akiulizwa jina la baba yake husema: Baba. Shirika la Msalaba Mwekundu hufanya kazi ya kutafuta jamaa za watoto waliopotea, lakini linaanza na nini kama mtoto hana neno la kuwaambia?

Basi fanyeni hivi, tena juma hili hili. Andikeni katika karatasi jina la mtoto, jina la baba na la mama, avenyu, na namba mbili za simu. Karatasi hiyo itiwe katika kipande cha nailoni na kushonwa ndani ya nguo ambayo mtoto huivaa mara nyingi. Mlezi naye awe na namba hizo kwa kichwa, si katika simu tu, maana simu huibwa na moto wake huisha. Kubalianeni mahali pa kukutania: kwanza mahali pa karibu, kama paruasi au nyumba ya ndugu, kisha mahali pa mbali kama pa karibu pameharibika. Na neno la mwisho la kumwambia mlezi ni hili: acha kila kitu, acha redio, acha magodoro, mchukue mtoto. Mlezi anayejua kwamba hutamdai godoro lako ndiye atakayekuwa na mikono miwili ya kumbeba mtoto.

Akina baba wa migodi, tunamaliza nanyi. Kuna wanaosema: mimi natuma pesa, mke wangu ndiye anayejua mambo ya mlezi. Pesa ni jambo kubwa, hatulikatai. Lakini siku unaporudi kutoka shimoni, mlezi akuone ukikaa na kumwuliza habari za mtoto. Mjue jina lake na kwao. Msalimu kama unavyomsalimu mtu mzima. Akijua kwamba baba na mama wote wawili wanatazama, atajua kwamba mtoto huyu ana watu.

Na kwa pamoja twaweza zaidi ya hapo. Wanawake kumi wanaouza mahali pamoja, kila mmoja ana mlezi wake wa bei ndogo, peke yake nyuma ya mlango uliofungwa. Wakiunganisha pesa zao wangeweza kukodi chumba kimoja safi karibu na soko, wakawalipa vizuri walezi watatu wazima, mmoja akiwa mama aliyekwisha kulea wake. Mama angepita kumnyonyesha mtoto wake mchana. Sheria ya kazi yampa mwanamke anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku; lakini yamfaa nini kama mtoto yuko mbali? Katika chumba kile macho yangekuwa mengi, na hakuna mlezi ambaye angefungiwa peke yake na kuchoka kwake. Hili si ndoto. Wakati wa Ebola lilifanywa Beni kwa watoto ambao kila mtu aliwaogopa. Je, haliwezi kufanywa kwa watoto ambao kila mtu anawapenda?

Basi, ndugu, mkirudi nyumbani leo, fanyeni mambo mawili. La kwanza, mwulizeni mlezi wenu: siku ya hatari utamkimbiza mtoto wapi? La pili, jiulizeni wenyewe: tunamwita nani, tunamlipa lini, analala wapi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayowaambia kama mtoto wenu yuko salama. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi twaongeza: mlezi umtendeavyo ndivyo mtoto wako atendewavyo.